Kipimo cha Mwili Mzima

Walitandika meza Barabara ya Kumi na Tano,
kati ya fundi viatu na muuza mihogo:
kompyuta, kifimbo cha kushika, waya mwekundu,
na kijana wa tai, jasho limemchorea ramani mgongoni.
"Dakika moja, mama. Inasoma mwili mzima.
Elfu tano. Ushauri bure."

Mimi nina miaka thelathini na moja
jicho kwenye hadubini,
nawahesabia watu wa Makorora vijidudu vyao
kama karani wa mkonge anavyohesabu mizigo.
Najua damu haisemi kwa kushikwa mkono.
Damu ina haya. Uitoboe, uitandaze kiooni,
uitie rangi, uisubiri,
na hata hapo itakuambia inalotaka.

Nilikwenda kumuumbua, sifichi.
Jina? Nikampa la mume wangu: Zuberi Semboja.
Jinsia? Mume.
Vidole vikasita. Akalitazama baibui langu,
akaendelea kuandika. Mteja ni mteja.
Umri? Sitini na miwili,
ndiyo aliyoondoka nayo.

Mashine ikalia kama kifaranga, karatasi ikatoka:
Moyo: wastani.
Figo: ziangaliwe.
Tezi dume: imevimba kidogo.
Ini: linaendelea vizuri.

Linaendelea vizuri.
Kicheko nilikuwa nimekiandaa tangu nyumbani,
nimekipiga pasi pamoja na mtandio.
Hakikuvalika.

Kwa sababu ini lile nalijua.
Dada yake alililetea kombe, zafarani
ikiogelea kwenye kikombe cha chai.
Jirani yetu Mama Elinami alilipaka mafuta ya kanisani kwake,
akalikemea mpaka kuku wakatoka uani.
Watafiti walikuja na gari jeupe,
wakavuta mirija mitatu, wakaacha sabuni mche mmoja;
naamini hivi sasa Zuberi ni nukta
kwenye mchoro ukutani mwa watu.
Alikubali yote. Hakupenda kumvunja mtu moyo.
Kipande kilichopelekwa Dar kilirudi na majibu
siku ya arobaini, pilau likipakuliwa:
muhuri, sahihi, jina limeandikwa bila kosa.
Imamu akasema kadari. Daktari akasema mtandao.

Na slaidi yake ya kwanza, ile ya homa,
niliitazama mimi. Niliandika kwa mkono wangu:
Hakuna kilichoonekana.
Ni kweli. Hakikuonekana.

Kijana alikuwa bado anaendelea: vidonge vya mwani,
dozi ya miezi mitatu, laki na themanini,
"tuliwahi ini, mama, kabla halijachoka."
Akakohoa. Akageukia ukutani, akakohoa tena,
na kikohozi kile nakifahamu mpaka jina la ukoo.
Nikamwuliza kina muda gani.
"Vumbi tu hili."
Njoo kesho maabara na makohozi ya alfajiri, ni bure.
Akatabasamu, akafungua faili, akanionyesha kwenye skrini
jina lake mwenyewe, na chini yake:
Mapafu: safi.
Hakuwa ananitapeli. Hilo ndilo lililonitoa jasho.

"Na mzee mwenyewe, atakuja lini?"
Nikamwambia mzee hana nafasi.

Vidonge sikununua. Karatasi nimeitia
kwenye bahasha ya vyeti. Siiamini,
na nimeisoma mara nne, mstari mmoja tu.
Kikopo cha yule kijana nimekiandika namba,
kipo dirishani na kifuniko chake.
Leo Alhamisi.